Matatu Nzima Kumsindikiza Mtu Mmoja JKIA? Tupige Hesabu Kwanza

Wasee wa Amagoro, Malaba, Busia na mtaa wowote mnaposomea hii, leo nitasema kitu kitakachonikosanisha na wajomba zangu. Wacha iwe. Nimenyamaza vya kutosha.

Mwaka jana binamu yangu alipata kazi Doha. Viza imetoka, tiketi imetoka, ndege inaondoka JKIA. Nyumbani kukafanywa mchango na grupu ya WhatsApp ya familia ikawaka moto siku nne. Tukafikisha shilingi 48,000. Kwa sisi watu wa hapa hiyo si pesa ndogo. Kuna mtu aliuza mbuzi, kuna mtu alikopa kwa chama.

Halafu ile pesa ikaenda wapi? Tukakodi matatu ya watu 14. Kukodi na mafuta, kwenda na kurudi, 33,000. Chakula cha njiani cha watu wote hao, kwenda na kurudi, 9,500. Msafiri akabaki na 5,500. Yaani katika gari lenye watu 14, mtu mmoja tu ndiye alikuwa anasafiri, na ndiye aliyepata kidogo zaidi.

Na si hayo tu. Tulipofika Timboroa usiku, gurudumu likapasuka. Kama hujawahi kusimama Timboroa usiku wa manane ukiwa na shati moja, shukuru Mungu wako. Spea ilikuwa imeisha upepo. Tulikaa pale karibu saa tatu. Tulifika JKIA ikiwa imebaki saa moja na dakika ishirini ndege iondoke. Binamu yangu aliaga familia nzima kwa dakika nne, akikimbia, sanduku likiwa na gurudumu moja bovu. Nyanya aliyesafiri usiku kucha kumuaga hakupata hata kumshika mkono vizuri.

Wiki ya kwanza huko Doha binamu yangu alikopa pesa ya sabuni na laini ya simu kwa msichana wa Kisii waliyekutana chumbani. Aliniambia mimi peke yangu. Mama yake hajui mpaka leo.

Kwa hivyo msimamo wangu ndio huu: hesabu ya safari ya ndege ianzie mlangoni kwako, si pale uwanjani. Na pesa ya mchango ni ya msafiri, si ya sisi kwenda kuona ndege.

Tuko mbali na kila uwanja

Kwanza tukubali jiografia haijatupendelea. Sisi tunaishi kando ya barabara kubwa kuliko zote Kenya. Trela za kwenda Uganda, Rwanda na Kongo zinapita hapa usiku na mchana, na foleni yao ikikataa kusonga hata boda inapata shida kupenya. Reli pia iko, inapita Malaba, lakini inabeba mizigo. Shehena ya mafuta inafika kwetu kwa urahisi kuliko mtu anavyotoka kwetu kwenda JKIA.

Kutoka Malaba hadi Nairobi ni kama kilomita 430. Hapo hujafika uwanjani bado. JKIA iko nje ya mji, upande wa Embakasi. Kutoka Malaba hadi Entebbe, ukipitia Tororo, Jinja na Kampala, ni kama kilomita 250 na kidogo. Ndiyo, umesoma vizuri. Uwanja mkubwa wa ndege ulio karibu zaidi nasi kati ya hiyo miwili uko nchi nyingine. Kisumu na Eldoret ziko karibu zaidi, na zote zinaitwa viwanja vya kimataifa, lakini ukitafuta ndege ya kwenda Doha au Dubai utaambiwa upitie Nairobi.

Sasa, njia ziko tatu. Nitazisema kama nilivyozipitia au nilivyoziuliza, na bei ni zile nilizolipa au kuulizia. Desemba na wakati wa sikukuu zidisha, unajua vile watu wa basi hufanya.

Njia ya kwanza: basi na 34

Januari mwaka huu ikawa zamu ya dada yangu mkubwa. Kazi ya hoteli, Dubai. Grupu ikawaka tena, mjomba mmoja akaanza, "Nimeshaongea na mwenye matatu." Mimi nikaandika: hapana. Nikapewa simu tatu za kuulizwa kama nimelewa.

Nilifanya hivi. Ndege ilikuwa inaondoka saa kumi na nusu jioni. Tukakata basi la usiku, tukapandia Malaba saa mbili usiku, mimi na yeye pekee. Shilingi 1,400 kila mmoja. Saa kumi na moja alfajiri tukawa Nairobi. Hatukutoka nje ya ofisi ya basi mpaka kukapambazuka. Hii nisikie vizuri: usianze kuzurura River Road gizani na sanduku jipya linalometameta. Kila mtu anajua unaenda wapi na unabeba nini.

Kulipokucha tukachukua chumba kidogo cha saa chache, 800, dada yangu akaoga, akalala kidogo, akabadilisha nguo. Hiyo 800 usiione kama hasara. Mtu anayeanza safari ya ng'ambo akiwa amechoka na ananuka jasho la basi anafanya makosa, anasahau pasipoti mezani.

Saa tano na nusu tukaenda kupanda matatu nambari 34 katikati ya mji. Hapa muulize konda kabla hujaweka mguu ndani: "Unaingia mpaka uwanja wa ndege, ama unaishia Embakasi?" Kwa sababu ukishushwa nusu ya njia na sanduku la kilo 23, ile pesa uliyookoa utailipa boda. Tulilipa 100 kila mmoja, na mimi nikalipia kiti cha sanduku, 100 nyingine, ili konda asianze kelele. Ukikaribia lango la JKIA abiria wote mnashuka, mnapita kwenye ukaguzi kwa miguu huku gari likikaguliwa peke yake, kisha mnapanda tena. Ni kawaida, usishtuke. Lakini weka dakika zake kwenye hesabu.

Kabla ya saa saba mchana tulikuwa mlangoni. Zaidi ya saa tatu kabla ya ndege. Tukakaa nje, tukala chapati alizofunga mama.

Hesabu yote: basi mara tatu, yaani sisi wawili kwenda na mimi kurudi, 4,200. Chumba 800. Chakula 600. 34, pamoja na sanduku na mimi kurudi mjini, 400. Jumla 6,000. Mchango ulikuwa 31,000. Dada yangu aliingia ndani ya lile jengo akiwa na 25,000 zake. Wacha hiyo namba ikae hapo kidogo, uilinganishe na 5,500 ya binamu.

Lakini sitaki mtu aseme nilimdanganya. Basi na 34 inafaa kama ndege yako ni ya mchana au jioni. Kama ndege ni ya saa nane usiku, panda basi la asubuhi, ufike Nairobi jioni, na usijaribu 34 usiku. Hapo lipa teksi ya programu ya simu, iwe 1,200, iwe 1,500, lipa. Kubana matumizi kuna mahali pake, na gizani kwenye barabara ya uwanja wa ndege si mahali pake. Na kama ndege ni ya saa mbili asubuhi, usitegemee basi la usiku huo huo. Ajali moja Salgaa, trela moja imelala barabarani, na tiketi ya elfu themanini imekuwa karatasi. Toka siku moja mapema, lala kwa mtu wa kwenu Nairobi. Hakuna familia ya Teso isiyo na mtu Kayole au Kangemi. Mpigie. Nunua unga ukienda, usiende mikono mitupu.

Njia ya pili: kuruka kutoka Kisumu au Eldoret

Watu hucheka nikisema hii. "Wewe umekuwa tajiri lini?" Sikiza. Kama tiketi yako ya ng'ambo haijakatwa bado, muulize wakala bei ya kuanzia Kisumu kwa tiketi moja mpaka mwisho, halafu bei ya kuanzia Nairobi. Wakati mwingine tofauti haizidi nauli ya basi, chumba na teksi ukijumlisha. Na faida ni kwamba zikiwa tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, ni shida ya shirika la ndege kukutafutia nyingine. Ukikata mbili tofauti, shida ni yako peke yako.

Mtego uko hapa: ndege nyingine za kutoka Kisumu na Eldoret hazitui JKIA. Zinatua Wilson, ule uwanja mdogo wa Langata. Basi utavuka mji ukiwa na sanduku, na msongamano wa Nairobi haujui kama una ndege. Soma tiketi. Ukiona Wilson, ongeza teksi na saa mbili kwa hesabu yako.

Njia ya tatu: Entebbe

Hii ndiyo tunayoisahau, na tunaona Uganda kila siku tukienda kununua sukari. Niliulizia bei mwezi uliopita: matatu kutoka upande wa Uganda hadi Kampala, 30,000 ya Uganda. Kampala hadi Entebbe, 5,000. Kumalizia kutoka Kitooro hadi uwanjani, kama 5,000 tena. Jumla 40,000, karibu 1,450 ya Kenya. Kumbuka, huko matatu wanaita taksi, na ile unayoita teksi wanaita speshali. Ukisema "nataka taksi ya kwenda Entebbe" hutalipishwa vibaya. Ukiitikia "speshali" kwa bahati mbaya utajua hujui.

Kwa hivyo nauli ni karibu sawa na ya Nairobi. Unachookoa ni muda. Unaweza kutoka nyumbani alfajiri, ukapata ndege ya usiku bila kulala mahali popote, mradi uheshimu msongamano wa kuanzia Mukono kuingia Kampala. Na bei ya ndege yenyewe, siku nyingine Entebbe iko chini, siku nyingine Nairobi iko chini. Kuangalia ni dakika tano. Kwa nini hatuangalii?

Sasa masharti. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho, lakini wewe unaenda mbali zaidi, kwa hivyo vuka na pasipoti na uhakikishe imepigwa mhuri pale mpakani. Usipite kwa zile njia zetu za panya ati kwa sababu unamjua kila mtu. Ukifika Entebbe bila mhuri wa kuingia Uganda, utaeleza nini? Beba na kadi ya manjano ya chanjo.

Na hili naandika nikiwa siko kwa mzaha. Kama wewe ndiye umechagua Entebbe kwa sababu ya bei, sawa. Lakini kama ni wakala wa kazi, Mkenya, ofisi iko Kenya, anayekuambia "usipitie JKIA, tutakuvusha Malaba, utarukia Entebbe," simama. Muulize kwa nini anaogopa maswali ya JKIA. Vijana wamevushwa mipaka hii yetu wakiambiwa kuna kazi ya kompyuta Thailand, wakajikuta Myanmar wamefungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni. Wakala halali ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye orodha yao. Kama halipo, nauli ya bei rahisi kabisa ni kubaki nyumbani.

"Na nani atamsindikiza?"

Najua mnachosema. Mimi mwenyewe nimelelewa hapa. Mtu haondoki kama mwizi. Akienda mbali anasindikizwa, anaombewa, wazee wanasema neno. Na ukweli ni kwamba wengine wa waliotoka hapa kwenda ng'ambo walirudi kwa sanduku la mbao. Kwa hivyo ile matatu ya watu 14 si ujinga. Ni woga. Kila mtu anataka kuwa amemwona mara ya mwisho, ikitokea kwamba ni ya mwisho.

Lakini wasee, JKIA hamruhusiwi kuingia ndani. Mlinzi mlangoni anataka pasipoti na tiketi. Nyanya atasafiri kilomita 430 ili asimame kwenye lami, ageuke, arudi kilomita 430 nyingine. Kuaga kunakofaa kunafanyika nyumbani, mkiwa mmekaa.

Sisi tuliaga Amagoro. Jumamosi yote. Atap ikasongwa, wazee wakawa na ajon yao, mchungaji akaja, mjomba aliyekuwa amekasirika akaongea dakika arobaini. Halafu jioni watu wakatutembeza hadi stejini. Mama alitaka kupanda basi. Kiti kilikuwepo. Nikamwambia, mama, hiyo 2,800 ya kwenda na kurudi ni chakula chake cha wiki ya kwanza. Alishuka. Hakusema kitu.

Kesho yake nikiwa njiani kurudi alinipigia. Hakuuliza kama ndege imeondoka. Aliniuliza, "Mlango alioingia unakaa aje?"

Hiyo ilinipata vibaya. Kwa bahati nilikuwa nimerekodi video, nikidhani ni ya kupakia hapa kwenu. Dada yangu anasukuma sanduku, anaonyesha pasipoti, anageuka mara moja, anaingia. Sekunde kumi na saba. Sikuipakia. Nilimtumia mama. Ameiangalia mara ngapi sijui, lakini simu yake ikilia chaji, ukiifungua unaikuta hapo.

Kwa hivyo sitajifanya hesabu yangu haikuumiza mtu. Ilimuumiza mama, na ningekuwa na pesa zaidi ningemlipia kile kiti. Bado nasema tulifanya sawa. Dada yangu alifika, akanunua laini, akanunua chakula, hakukopa mtu. Siku ya pili alipiga simu akiwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Binamu yangu hakuwa na hiyo sauti.

Mkinisikia, fanyeni hivi

Kabla ya kukubali tarehe na uwanja, andika kwenye karatasi: nauli kutoka nyumbani, mahali pa kulala, chakula, usafiri wa mwisho, na nauli ya msindikizaji kurudi. Fanya hivyo kwa Nairobi, kwa Kisumu au Eldoret, na kwa Entebbe. Linganisha jumla, usilinganishe tiketi. Tuma msindikizaji mmoja, awe mtu anayejua mji na asiyelia haraka. Kama pesa iko ya wawili, wa pili awe mama. Zinazobaki zote, msafiri apewe mkononi, na kwenye grupu mhazini aandike kiasi alichopewa.

Na ninyi wenye mabasi ya Malaba, mnaotusomba kila usiku: kuna mtu wa uwanja wa ndege karibu kila safari. Gari moja tu ambalo linaendelea hadi JKIA alfajiri, bila kutumwaga mjini gizani. Tutalijaza.

Mjomba, najua utasoma hii, mtu atakutumia. Sijasema usimpende mpwa wako. Nimesema pesa ya matatu umpe yeye.

Wewe je, kwenu mliendaje, na msafiri alibaki na ngapi? Andika hapo chini, na ukweli tafadhali.